Pimeni waya kabla ya kulilaumu jiko

Jiko la umeme likichelewa kuivisha, wa kwanza kulaumiwa ni jiko lenyewe. Linaitwa bovu, linabebwa kwa fundi wa vifaa, linafunguliwa, linabadilishwa koili, linarudishwa nyumbani, na maharage bado yanakesha. Baada ya hapo linanunuliwa jingine. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa ni mwanamke, akina mama wengi huona wepesi kuniita mchana wakiwa peke yao nyumbani. Kwa hiyo naingia majikoni mara nyingi kuliko mafundi wengi. Ninayoyakuta huko ndiyo yanayonifanya niandike: mara nyingi jiko halina kosa. Kosa liko nyuma ya ukuta, ndani ya dari, kwenye soketi, au huko nje kwenye nguzo, mahali ambapo hakuna aliyepima.

Nalisema sasa kwa sababu nchi imeamua kupika kwa nishati safi. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimekulia kwenye jiko la mkaa na najua kikohozi cha mpishi kikoje. Lakini katika mazungumzo yote ninayoyasikia, redioni na kwenye daladala, watu hubishania bei ya jiko na bei ya uniti. Waya unaotoka kwenye meni swichi kwenda jikoni hautajwi. Na waya huo ndio utakaoamua kama mama aliyeacha mkaa leo atakuwa bado anapikia umeme mwakani, au atakuwa amerudi kwa muuza mkaa huku akiwaambia majirani kwamba umeme hauivishi.

Nieleze kwa mfano mmoja. Mama mmoja wa Tabata alikuwa na jiko la mezani la pleti mbili, moja ya wati 1,500 na nyingine ya wati 1,000. Lilikuwa la pili, la kwanza alishalitoa kwa kudhani limechoka. Malalamiko yalikuwa yale yale: asubuhi linachelewa, jioni ndiyo kabisa, na taa ya jikoni inafifia kila anapowasha pleti ya pili. Fundi aliyenitangulia alichomeka testa kwenye soketi, ikawaka, akasema umeme upo, akaondoka.

Testa ndiyo inayowaponza mafundi wetu. Kale kataa kadogo ndani ya bisibisi kanawaka hata umeme ukiwa umeshuka hadi volti 120. Kanawaka hata nyutro ikiwa imekatika kabisa na hakuna kitu kinachoweza kufanya kazi. Kanakuambia kwamba waya huu una umeme. Hakakuambii kama umeme huo una nguvu ya kuchemsha chai.

Mimi natumia mita ya kupimia volti, na kanuni yangu ni moja: napima jiko likiwa limewaka. Pale Tabata nilipima kwanza kila kitu kikiwa kimezimwa. Kwenye meni swichi volti 229, kwenye soketi ya jikoni volti 229. Ukiishia hapo utaapa kwamba nyumba ni nzima, maana waya ambao haujabebeshwa mzigo hauonyeshi udhaifu wake. Nikamwomba mama awashe pleti zote mbili mpaka mwisho. Meni swichi ikashuka hadi 224, jambo la kawaida. Soketi ya jikoni ikashuka hadi 203. Volti 21 zilikuwa zinapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, kati ya baraza na jiko.

Nikapanda darini. Soketi ile haikuwa na njia yake. Ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa, ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5, na kiungo chenyewe kilikuwa nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa teipu. Teipu ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ganda. Nilipoifungua, shaba iliyopaswa kung'aa ilikuwa nyeusi yenye rangi ya bluu, na plastiki ya waya ilikuwa imerudi nyuma kwa joto. Piga hesabu: volti 21 mara ampia tisa na nusu hivi ni kama wati 200. Joto hilo lilikuwa linaachwa darini, sehemu yake kubwa kwenye kiungo kile, katikati ya vumbi na mbao kavu, kila siku chakula kinapopikwa. Na lilikuwa linalipiwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Nilivuta waya mpya wa 4 kutoka kwenye meni swichi moja kwa moja hadi jikoni, wenye sakiti breka yake. Tukawasha tena pleti zote: meni 224, jikoni 221. Jiko lile lile. Yule mama aliuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria, kwamba lile la kwanza alilolitoa lilikuwa na kosa gani. Sikulipima, siwezi kulisemea. Lakini nina dhana yangu.

Msomaji anaweza kusema volti 203 mbona si haba, ukilinganisha na 230. Hapa kuna jambo ambalo kila anayepikia umeme angefaa kulijua. Joto la koili halishuki sawasawa na volti, linashuka kwa mraba wake. Volti 203 zinakupa kama asilimia 78 tu ya joto lililoandikwa nyuma ya jiko. Zikishuka hadi 180, unabaki na asilimia 61: koili ya wati 2,000 inakuwa ya wati 1,200 na ushee. Volti zimepungua kwa kama sehemu moja ya tano, joto limepungua karibu sehemu mbili za tano. Ndiyo maana taa inaonekana inawaka vizuri tu, televisheni inaonyesha, simu inachaji, halafu ugali unakataa kuiva na wewe unaambiwa jiko ni bovu. Majiko ya kioo ya indaksheni yana tabia nyingine. Yana ubongo wa kielektroniki, na umeme ukishuka kupita kiwango chake jiko linajizima na kuandika herufi na namba kwenye kioo. Watu huiona namba ile, wanalizima na kuliwasha, linakubali kidogo, linakataa tena. Wengi wanalitupa. Namba ile mara nyingi ni ya jiko linalolalamikia umeme linaoletewa.

Kwa hiyo nafuata njia kuanzia mwanzo. Kwanza mita ya LUKU na meni swichi. Kama hapo penyewe jiko likiwa limewaka nakuta 180, tena saa mbili usiku mtaa mzima unapopika, nyumba haina kosa. Huo ni umeme mdogo unaotoka nje: laini ndefu, nyumba nyingi, transfoma iko mbali au imezidiwa. Katika hali hiyo hakuna cha kubadilisha jikoni, na fundi anayekuuzia koili anakuibia. Cha kufanya ni kuandika: tarehe, saa, volti zilizosomwa, mchana na usiku, kisha kupeleka maandishi hayo pamoja na ya majirani kwa shirika la umeme. Nimeona watu wa mtaa mmoja wakifanya hivyo, karatasi moja yenye vipimo vya nyumba kadhaa, na mafundi wa shirika waliokuja kushughulikia tatizo walijua moja kwa moja waanzie wapi. Malalamiko ya kwamba umeme wetu mdogo, bila namba, hayamsaidii hata yule anayetaka kukusaidia.

Kuna dalili moja ambayo haitaki mita wala fundi, na naomba isomwe kwa makini. Ukiwasha jiko, baadhi ya taa zikafifia na nyingine zikaongezeka mwanga, au feni ikaanza kukimbia kuliko kawaida, zima meni swichi papo hapo. Usimalizie kupika. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea au kukatika, ndani ya nyumba yenye umeme wa njia tatu au huko nje kwenye laini ya mtaa. Nyutro ikipotea, volti hazina tena pa kutulia: upande mmoja unashuka, upande mwingine unaweza kupanda kuelekea volti 400. Friji, televisheni na saketi za jiko la kioo vinaungua kwa mpigo. Piga simu ya dharura ya shirika la umeme, na wala usimruhusu kijana yeyote wa mtaani apande nguzo. Huku pwani chumvi ya hewa ya bahari inakula viungo vya nje, hasa pale waya wa aluminiamu unapokutana na shaba bila kiungo maalumu kati yao, kwa hiyo jambo hili si la ajabu kwetu.

Mita ikisoma vizuri kwenye meni swichi, ndipo naingia ndani: sakiti breka, viungo, soketi, plagi. Ndani ya soketi na plagi ndiko moto mwingi unakoweza kuanzia, na kuna harufu yake. Plastiki ngumu ya soketi ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana na samaki. Katika mji wa pwani, jikoni, nani atashtuka kusikia harufu ya samaki? Kama hujapika samaki na jikoni kunanuka samaki, shika plagi ya jiko kwa nyuma ya mkono baada ya kuizima. Ikiwa ya moto, au pini zake zimepata rangi ya kahawia, usiichomeke tena. Soketi yetu ya pini tatu bapa ni ya ampia 13, sawa na wati 3,000 hivi, tena kwa soketi nzuri iliyokazwa skrubu. Nimekuta jiko la pleti nne, la zaidi ya wati 7,000, limefungiwa plagi ya namna hiyo. Mzigo wote ukiwashwa, ile ni ampia 30. Fyuzi ndani ya plagi ilikata, kama inavyopaswa, na mtu akaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Jiko kama hilo halipaswi kuona plagi. Linataka waya wa 6 kutoka kwenye meni swichi, breka ya ampia 32, na swichi yake yenyewe ukutani.

Halafu kuna majiko yanayoletwa na ndugu kutoka Ulaya, au yanayonunuliwa yakiwa yametumika. Kigamboni niliitiwa jiko la kioo la pleti nne ambalo upande mzima wa kulia ulikuwa umekufa. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa saketi imeungua na kifaa chake hakipatikani nchini. Nikalilaza kifudifudi juu ya blanketi, nikafungua kifuniko kidogo cha nyuma. Waya ulikuwa na rangi zake: kahawia, nyeusi, bluu, na ule wa kijani na njano unaoenda ardhini. Aliyeufunga alipeleka wa kahawia kwenye laivu, kisha akaunganisha wa bluu na mweusi pamoja kwenye nyutro.

Namwelewa. Mafundi wengi walifundishwa na walimu waliosoma rangi za zamani za Kiingereza, ambamo nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, na nyumba nyingi hapa bado zina rangi hizo ukutani. Lakini Ulaya nyeusi ni laivu, sawa na kahawia, na nyutro ni bluu. Uingereza yenyewe ilianza kuhamia rangi hizo mwaka 2004 na kufikia 2006 ikawa lazima kwa kazi mpya. Jiko lile lilitengenezwa lipokee laivu mbili, moja kwa kila upande. Upande wa kulia ulikuwa umepewa nyutro huku na nyutro huku, usingeweza kuwaka hata ungesubiriwa mwaka. Nilihakikisha waya wa ukutani na breka vinabeba mzigo wote, nikauweka mweusi pamoja na wa kahawia, na pleti zote nne zikawaka. Kama kile kipande cha shaba cha kuunganisha laivu mbili kingekuwa mahali pake ndani ya jiko, kosa lile lile lingekuwa shoti ya moja kwa moja. Kila jiko lina mchoro wake wa kufungia, umebandikwa nyuma au umeandikwa kwenye kitabu chake. Mchoro huo usomwe kabla ya bisibisi kutoka kwenye mkoba.

La unyevu nilitaje kwa ufupi. Jiko lililokaa bila kutumika, hasa wakati wa masika, likiwashwa linaweza kuangusha kile kifaa kinachokata umeme unaovuja, cha miliampia 30. Unga mweupe ulio ndani ya koili hunyonya unyevu wa hewa. Fundi anaitenga koili moja moja, anapima, anaipata inayovuja, na mara nyingine ikikaushwa inapona. Asichopaswa kufanya, na nimekikuta kimefanywa, ni kukiondoa kifaa kile ili jiko liwake. Kile ndicho kinachomlinda mtoto atakayegusa sufuria.

Sasa niseme ninachotaka.

Wauza majiko wa Kariakoo na kwingineko wamuulize mnunuzi swali moja kabla ya kupokea pesa: kwako kuna waya wa jiko? Asipokuwa nao, wamwonyeshe jiko linaloendana na soketi aliyonayo. Sisemi kila nyumba ibomoe ukuta. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linataka kama ampia nne na kidogo, mzigo ambao soketi moja nzuri, yenye waya wa 2.5 wa shaba halisi, inaubeba bila kutoka jasho. Mpangaji wa chumba kimoja aanzie hapo, na maharage yake yataiva. Nasisitiza shaba halisi kwa sababu madukani kuna waya ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukiukwangua kwa kisu unaona weupe. Waya huo usiingizwe jikoni.

Wenye nyumba za kupangisha wana lao. Katazo la jiko la umeme limekuwa jambo la kawaida kwenye nyumba nyingi, na sababu inayotolewa ni mita moja kutumiwa na wapangaji wengi. Ugomvi wa uniti naujua, nimesimama katikati yake. Lakini katika nyumba nyingi za aina hiyo nilizozifungua, waya wenyewe usingeweza kubeba jiko hata kama wapangaji wangekubaliana kama ndugu wa tumbo moja. Katazo linauficha ubovu huo. Kama serikali inataka asilimia 80, basi nyumba ya kupanga iwe na angalau soketi moja ya jikoni yenye njia yake kutoka kwenye meni swichi, na jambo hilo likaguliwe kama tunavyokagua choo.

Kwa mafundi wenzangu, hasa vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wakiwa na shauku ya kazi: mita nzuri ya kuanzia si ghali kiasi cha kukushinda baada ya kazi chache. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, na leseni hiyo inamwambia mteja kwamba unajua tofauti ya kuona umeme na kuupima. Ukiitwa kwa ajili ya jiko, andika kwenye risiti vipimo vinne: volti kwenye meni swichi na jikoni, jiko likiwa limezimwa, na tena likiwa limewaka. Mteja aliye na karatasi hiyo hawezi kuuziwa jiko jipya bila sababu. Na akimwita fundi mwingine mwakani, huyo ataona palipoharibika bila kubahatisha.

Mradi wowote unaogawa au kukopesha majiko ya umeme, wa serikali au wa shirika, uwe na mtu mwenye mita anayefika nyumbani kwa mpokeaji kabla jiko halijakabidhiwa. Apime, atazame soketi, akaze skrubu zilizolegea. Pale waya unapokuwa mbovu, gharama ya waya iingizwe kwenye mkopo ule ule wa jiko.

Na kwa anayejenga sasa, ambaye nyumba yake iko kwenye lenta au anasubiri plasta: mwambie fundi wako leo apitishe bomba la milimita 25 kutoka meni swichi hadi jikoni, avute humo waya wa 6, na aweke swichi ya jiko pembeni mwa sehemu ya kupikia, usawa unaofikiwa na mkono bila kupita juu ya sufuria zinazochemka. Hata kama huna jiko la umeme, hata kama mama watoto anapenda gesi. Plasta ikishakauka, kazi hiyo hiyo itataka tindo, vumbi na pesa nyingi zaidi.